Mdoli anayepima pumzi: uzoefu wangu leba

Mimi ni mkunga, na ndiye ninayewafundisha wenzangu kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui. Zamani tulikuwa na mdoli wa kawaida: nakazia macho kifua, nahesabu kimoyomoyo zile pumzi 40 kwa dakika. Tangu mwaka jana tuna NeoNatalie Live, mdoli wa mtoto mchanga mwenye vihisio vilivyounganishwa na tableti.

Ukiminya ambubegi, yaani mfuko wa kumpulizia mtoto hewa kupitia maski, tableti inaonyesha kama hewa imeingia au imevujia pembeni ya maski, na kama ulisitasita. Ukipuliza ipasavyo, mapigo ya moyo yanapanda. Ukimaliza, inakueleza pa kurekebisha.

Kuna mama mmoja hapa alianza kuzalisha mimi nikiwa shule ya msingi. Maski yake ilikuwa inaachia chini ya kidevu. Nilikuwa naona, ila kumwambia mbele ya wanafunzi sikuthubutu. Siku ya kwanza na mdoli huyu alijionea mwenyewe kwenye skrini. Akarudia mara tatu, hakuna aliyemsemesha. Ya nne, moyo ukapanda. Akanigeukia: "Mwanangu, hebu nitazame, vidole nimeviweka sawa?" Kwa hilo tu, mdoli huyu ninampenda.

Nami sasa sihesabu tena, natazama mtu. Muuguzi mmoja kila siku tableti ilimwambia hewa inavuja. Ilisema kweli, lakini haikujua kwa nini. Ni mfupi, na meza ilikuwa juu mno, kwa hiyo viganja vilimpinda. Tukampa kijukwaa cha kusimamia, tatizo likaisha.

Mjue pia kwamba tableti haioni kama ulimkausha mtoto, ukamsugua mgongo, ukaita msaada. Dakika ya Dhahabu, yaani dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, huanzia hapo, kwa hiyo hayo nayasimamia mimi. Vijana nao hupenda kushindania alama. Siku hizi naifunika tableti kwanza, nauliza, "Umeona nini kifuani?" Wakishajibu ndipo tunafungua.

Ushauri wangu kwa wakufunzi: msimfungie mdoli kabatini mkingoja semina. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara ndiyo yaliyotiliwa mkazo kwenye mradi wa uzazi salama wa Safer Births Bundle of Care, uliofanyika katika hospitali 30 za Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wetu anakaa kando ya meza ya kuhuishia watoto, tableti iko kwenye chaji. Anayeingia zamu hupuliza dakika tano kabla ya kupokea ripoti.