Gunia la mtama au pesa kwenye simu?

Tangu 1954 Marekani imekuwa ikipeleka nafaka za wakulima wake kwa wenye njaa ng'ambo. Sheria yake hutaka angalau nusu ya shehena ibebwe na meli za Marekani, kisha malori huibeba kutoka Mombasa hadi Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Kenya. Inachukua miezi, na nauli inameza fedha za chakula.

Bamba Chakula, huduma ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ilianza Kakuma 2015: mkimbizi alitumiwa pesa za chakula kwenye simu, akanunua unga, maharagwe, hata mboga, kwa wenye maduka walioteuliwa hapo hapo. Naipendelea njia hii, mama ndiye anayeijua sufuria yake. Lakini ukame ukikausha soko, bei hupaa, na hapo gunia ndilo linalowashibisha watoto.