Fundi wa vitasa wa Kisekka na mlango wa trela uliogoma

Trela za kambi, zile zenye chumba cha kulala zinazokokotwa na gari, si nyingi katika barabara za Uganda, na mwenye nayo, kitasa cha mlango kikimgomea, huishia kwa mafundi wa magari au wa milango ya nyumba. Mimi niliishia kwa fundi wa vitasa mwenye kibanda jirani na Soko la Kisekka, Kampala, na ninamsifu hasa kwa sababu alitambua ubovu ulipo kabla ya kushika bisibisi.

Ufunguo uliingia kwa shida, ukageuka nusu, kisha ukakwama mpaka mlango usukumwe kwa bega. Hali ilizidi kuwa mbaya tulipopiga kambi Ziwa Mburo, ambako viboko hutoka majini usiku kula majani karibu na mahema, na mchana tumbili hawakawii kuingia penye chakula. Duka moja la vipuri lilikuwa limenishauri ninunue kitasa kizima kipya, bila hata mtu mmoja kuutazama mlango wenyewe.

Fundi huyu alikuja nyumbani Ntinda kwa bodaboda, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Ssebo (bwana), mlango ukiwa wazi, kitasa kinazunguka vizuri?" Tulipojaribu, ulimi, yaani chuma kinachochomoza kufunga mlango, ulitoka na kuingia kwa uzito kidogo, ila haukukwama. Jaribio hilo halina gharama na linaeleza mengi: kitasa kikigoma hata mlango ukiwa wazi, ubovu umo ndani ya silinda, yaani sehemu inayoingizwa ufunguo, au katika ufunguo wenyewe, kikigoma pale tu mlango unapofungwa, basi ulimi haulengi tundu lake kwenye fremu. Kwangu yalikuwapo yote mawili, na la pili ndilo lililokuwa kubwa.

Alipaka ulimi chaki, akafunga mlango na kujaribu kuugeuza ufunguo. Chaki ikaacha alama kwenye ukingo wa chini wa bati linalopokea ulimi, mahali palipokuwa pamekwisha kung'aa kwa kukwaruzwa. Kisha akainama kutazama miguu ya kona. Miguu hiyo imewekwa ili trela isitikisike watu wakitembea ndani, wala haikukusudiwa kubeba uzito wake. Ikikazwa kama jeki, chasi hupinda kidogo na fremu ya mlango hupoteza umbo lake. Aliilegeza yote, akasawazisha trela kwa gurudumu la mbele huku akitazama pima maji, na hapo nusu ya ugumu ikaisha. Baada ya kukaza skrubu za bawaba, alilegeza za lile bati, akalishusha kama milimita 2, akalikaza tena.

Ndani ya silinda mlikuwa na vumbi la murram, udongo wa barabara zisizo na lami, lililogandamana na mafuta. Mafuta ya kupuliza kama WD-40 hufukuza maji na kulegeza kutu, lakini utando unaobaki hunasa vumbi, na barabara zetu za kwenda mbugani zina vumbi la kutosha. Aliosha silinda kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, akaiacha ikauke kabisa, ndipo akapuliza unga wa grafiti, ambao ni kilainishi kikavu, akionya kwamba ukichanganywa na mafuta hugeuka tope. Ufunguo wangu wa kila siku, uliochongwa kutokana na nakala nyingine, aliukataa. Akanichongea mpya kwa kufuata ule wa asili.

Kasoro zipo. Aliahidi asubuhi, akafika alasiri bila kupiga simu, na risiti aliiandika baada ya kuombwa. Kichupa cha grafiti alichoniuzia kilikuwa ghali kwa ujazo wake. Hata hivyo jumla ya shilingi 70,000, pamoja na nauli na ufunguo, naiona ya haki, na tangu hapo mlango unafungika kwa vidole viwili, hata baada ya safari za barabara mbovu.

Anayetaka kuchongewa ufunguo kibandani kwake abebe ule wa asili. Akiwa ameupoteza, apige picha ya namba iliyochongwa usoni mwa silinda, ikiwa ipo, au aende na kitasa chenyewe, kwa sababu fundi huyu hachongi nakala ya nakala.