Jeki ya kijiko inavuja: sili mpya au fimbo mpya?

Jeki ya kijiko ni silinda ya mafuta inayosukuma mkono na ndoo ya mashine ya kuchimba; sili ni mpira unaozuia mafuta yasitoke, na fimbo ni chuma kinachoingia na kutoka. Kabla ya kubishana bei na fundi, laza ndoo ardhini, zima injini, chezesha vishikio presha iishe. Sasa futa fimbo ya jeki kwa kitambaa, upitishe ukucha taratibu juu ya kromu, ule utando unaong'aa juu yake.

Ukucha ukiteleza bila kukwama, una bahati. Badilisha sili, lakini zote: ya fimbo, ya pistoni, kifuta vumbi na oringi (pete za mpira) zake. Kubadilisha ile inayovuja tu ni ubahili wa kufungua jeki mara mbili. Kwa kijiko kidogo ni kazi ya siku moja, na jasho lote hutoka kwenye kulegeza kifuniko kilichoshika kutu.

Ukucha ukinasa, sili mpya ni hela ya kutupa. Kromu iliyobanduka ni msasa: kila fimbo inapoingia na kutoka inakwangua mdomo wa sili, na baada ya muda mfupi mafuta yanachuruzika palepale. Hapo fimbo ichongwe nyingine kwa chuma kilichokwisha kupakwa kromu, jicho, yaani tundu la pini mwishoni mwa fimbo, lichomelewe upya. Ni ghali zaidi, na mashine italala mpaka fundi wa kuchonga amalize.

Fimbo iliyopinda? Wapo wanaoinyoosha kwa presi. Mimi siafiki, kromu hupata nyufa usizoziona, na kutu huanzia humo.

Kama bomba la jeki, ambamo pistoni hutembea, nalo limechimbika ndani, uliza kwanza bei ya jeki nzima.