Kupima usingizi wa mtoto mwenye Duchenne hapa Mbeya, nyota 3 kati ya 5

Jamani mrejesho niliowaahidi ndo huu. Mwanangu ana miaka 14, ana Duchenne, ule ugonjwa wa misuli unaozidi mwaka hadi mwaka na unaowapata hasa watoto wa kiume, kutembea aliacha akiwa na 11. Sasa miezi kama mitatu hivi akiamka kichwa kinamgonga mpaka saa nne, darasani anasinzia, mwalimu ananiuliza mama huyu kijana analala saa ngapi, namwambia mwalimu saa mbili kashalala! Tukaelekezwa kliniki moja ya binafsi mjini, wanakuazima oksimita ya kidoleni inarekodi usiku kucha.

Mashine yenyewe haina shida, nyepesi, inashika oksijeni na mapigo ya moyo, asubuhi unarudisha wanakutolea grafu. Ila sisi tunakaa Uyole na ilikuwa Julai, baridi ya Uyole mnaijua, vidole barafu, grafu ikatoka imejaa mapengo. Kumbe mkono ukipoa haisomi vizuri na hakuna aliyeniambia. Usiku wa pili nikamvalisha soksi ya sufu mkononi juu ya mashine, ikasoma mpaka kunakucha. Na kurudia nikalipishwa tena 20,000, nyota moja ikaondokea hapo.

Ya pili imeondoka kwenye karatasi la maswali. Ni yale 8 ya Epworth, ya kupima unavyosinzia mchana, kila moja unajipa 0 mpaka 3, jumla ikipita 10 ujue usingizi wa mchana umezidi. Nesi anamsomea mtoto, je unasinzia ukikaa baada ya chakula cha mchana bila kunywa pombe? Kijana akanikodolea macho, tukacheka wote mpaka nesi. Lakini swali la nani anakugeuza usiku halipo kabisa! Huyu hawezi kujigeuza, ubavu ukimuuma ananiita mama nigeuze, mara nne mara tano, halafu ukimuuliza umelalaje anajibu vizuri tu, maana anayehesabu ni mimi. Nikaandika nyuma ya karatasi saa zote nilizoamka, na dokta alianza kusoma huko huko nyuma.

Dokta sasa, huyo sina neno naye. Alituonyesha oksijeni inavyoshuka kwa vipindi, zaidi kuelekea alfajiri, akasema ukiwa kwenye ndoto misuli karibu yote inalegea, kazi ya kupumua inabaki kwa ule msuli wa chini ya mapafu, na kwa watoto wetu nao umechoka, basi hewa chafu, ile kabonidioksaidi tunayoitoa tukipumua, inabaki mwilini, ndo hicho kichwa cha asubuhi. Na hiyo hewa chafu oksimita haiipimi, kwa hiyo grafu ikitoka nzuri na mtoto bado anaumwa kichwa, mng'ang'anieni dokta. Jirani alikuwa kashanishauri nitafute mtungi wa oksijeni, nikamuuliza dokta, akasema hapana mama, oksijeni peke yake inaweza kupandisha namba kidoleni huku hewa chafu inazidi kujaa, anachohitaji ni baipapu, ile mashine ya barakoa inayosukuma hewa. Ndo tunaihangaikia, na betri yake, maana umeme wa huku kwetu usiku ni bahati nasibu.

Mkienda bebeni soksi, kucha zisiwe na rangi wala hina, na msipige simu mapokezi hawapokei, nendeni tu mapema.