Tahadhari: hizi safari za Kosta za siku moja kwenda Old Moshi na Marangu

Bango lile lile la matembezi lililotutapeli limerudi. Mara hii wameandika Lushoto badala ya Marangu na jina la kampuni wamebadilisha, lakini picha ya maporomoko ni ileile, na hata "vivutuo" bado wameandika vilevile. Shemeji yangu ananiambia ninyamaze nisije nikachekwa. Nichekwe tu, ila mtu asitume hela.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Ngulelo, Arusha. Mwisho wa mzunguko tulikubaliana mwaka huu tusinunuliane vitenge, tutoke tukatembee. Bango likapita kwenye kundi la WhatsApp: Kosta yenye AC, mwongozaji, viingilio vyote, chakula cha mchana cha Kichagga, Old Moshi kwa Mangi (chifu) Meli, maporomoko ya Kinukamori, mapango ya Wachagga, na kumalizia Ziwa Chala. Shilingi 70,000 kwa kichwa. Tulikuwa 11, nikatuma 770,000 kwa mkupuo mmoja. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa la bwana mwenye safari. Nikamuuliza, akajibu pale pale: "Hiyo namba ni ya mhasibu wetu dada, usiwe na wasiwasi." Basi nikaacha kuwa na wasiwasi. Hapo ndipo nilipojiuza mwenyewe.

Kilichotupoteza ni kwamba gari lilikuja. Wengi tunamjua tapeli anayekula hela na kuzima simu. Huyu alikuja mwenyewe asubuhi, akatusalimia mmoja mmoja, akawabeba akina mama mabegi. Kosta ilikuwa na watu 26, na AC yake ilikuwa madirisha. Tulipoanza kupiga soga njiani nikagundua kila mmoja aliambiwa zimebaki nafasi tatu. Tukacheka. Kwa Sadala tukanunua ndizi, Mlima Kilimanjaro ukatoka mawinguni, watu wakapiga picha. Moshi mjini, karibu na mnara wa saa, bwana mwenye safari akashuka. Akasema anafuata chakula, atatukuta Marangu akiwa na gari aina ya Noah.

Hatukumwona tena.

Alituachia mwongozaji, kijana mwenye kitambulisho kilichochapishwa kwa printa ya kawaida na kuning'inizwa shingoni. Tukapanda Old Moshi. Pale kwenye kumbukumbu ya Mangi Meli akaanza kutuhadithia kwamba Meli alijisalimisha kwa Waingereza, na kwamba mmisionari Rebmann ndiye wa kwanza kufika kileleni. Sasa, kwenye gari alikuwemo mama yangu mkubwa, mzaliwa wa huko huko Old Moshi, mwalimu mstaafu. Alivumilia dakika kama tano. Kisha akaomba njia, akasimama mbele ya kijana, akasema, "Mwanangu, kaa chini kidogo."

Ile nusu saa ya mama mkubwa ndiyo pekee iliyolingana na hela tuliyotoa, na hakulipwa hata senti. Alitueleza kwamba mwaka 1892 watu wa Meli waliwapiga Wajerumani wakakimbia, na kamanda wao akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 Meli akanyongwa pamoja na wenzake 18, na inasemekana kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta miaka na miaka. Waingereza walikuja baadaye kabisa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na Rebmann aliuona tu mlima ukiwa na theluji, Mei 1848, akaandika, na wasomi wa Ulaya wakambishia kwamba theluji haiwezi kukaa Ikweta. Waliofika kileleni ni Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Oktoba 1889. Kijana alikuwa akisikiliza kwa makini kuliko sisi. Nilimwonea huruma, ingawa na hasira ilikuwepo.

Himo, njia panda, dereva akapaki kwenye kituo cha mafuta na kuzima gari. Alikuwa amekubaliana 400,000 kwa siku nzima na amepewa 150,000 tu. Iliyobaki ilikuwa aipokee Moshi, na aliyetakiwa kumpa alishateremka. Tukapiga simu. Mara ya kwanza: "Niko njiani, nimekwama Kiboriloni." Mara ya pili iliita mpaka ikakata. Baada ya hapo ni yule dada wa "namba unayopiga haipatikani kwa sasa".

Jua kali, watoto wanalia njaa, wengine wanataka kumpiga dereva. Dereva mimi simlaumu, naye alipigwa kama sisi, na mafuta aliweka kwa hela yake. Tulichanga 10,000 kila mtu, tukamlipa 250,000 yake, iliyobaki tukanunua maji ya watoto. Kinukamori mlinzi wa getini akatuuliza viingilio. Kijana akasema vimeshalipwa. Mlinzi akamuuliza vimelipwa kwa nani, kijana akaangalia chini. Waliokuwa na hela wakaingia, waliobaki wakakaa chini ya migomba wakisikia maji bila kuyaona. Mapango na Chala hatukufika. Chakula cha Kichagga kikawa mahindi ya kuchoma pale Marangu Mtoni. Kijana naye akatoboa siri: alipatikana jana yake kijiweni, akaahidiwa 20,000, na kile kitambulisho alikabidhiwa asubuhi ile ile.

Polisi nimeripoti na RB ninayo. Mtandao wa simu waliniambia hela ilitolewa siku ile ile niliyotuma. Namba ya tapeli nimeituma pia kwenda 15040, ile ya kuripoti utapeli wa simu, nanyi mkitumiwa bango fanyeni hivyo.

Ningeanza upya, kabla ya kutoa shilingi ningeomba leseni ya wakala wa utalii, ile ambayo wengi bado wanaiita TALA, na leseni ya mwongozaji. Ningeomba namba ya gari na simu ya dereva siku moja kabla, nimpigie nimuulize amelipwa kiasi gani. Swali hilo moja lingetuokoa. Hela ingeenda kwenye akaunti yenye jina la kampuni, nusu kwanza, nusu tukishapanda gari. Wako watu wa Moshi na Arusha wanaofanya kazi hii kwa uaminifu, na hawakasiriki ukiwauliza. Huyu wetu nilipomwomba risiti alisema ninamvunjia heshima.

Na kusema kweli, kwa Marangu wala huhitaji kampuni. Daladala za Moshi hadi Marangu Mtoni zipo kutwa, unashuka, unatembea kidogo hadi Kinukamori, unalipa getini mwenyewe na kupata risiti yako. Vijana wa kijiji wa kukutembeza utawakuta hapo hapo.

Jina la mtu na namba siandiki hapa kwa sababu kesi iko polisi. Anayetaka kulinganisha bango alilotumiwa na letu aje inbox, nina picha za meseji zote. Wale 15 tuliokuwa nao kwenye Kosta ambao si wa kikoba chetu, nitafuteni, askari anataka maelezo ya wengi. Na yule dada aliyepandia Usa River akiwa na mtoto, kandambili za mtoto, za bluu, zilibaki chini ya kiti. Ninazo.