Kalibu ya vichwa vya kuvisha karatasi: inarefuka, hainenepi

Hii kalibu nimekaa nayo msimu mzima sasa, nimemimina vichwa mia sita na ushee, kwa hiyo sisemi kwa kusikia. Ni ile ya kurekebisha urefu, ya kumimina vichwa laini vya bunduki za zamani za baruti nyeusi, vile visivyo na mifereji ya grisi ubavuni, unavivisha karatasi wewe mwenyewe. Mtutu wangu ni wa 45, yaani tundu lake ni kama 0.45 ya inchi, ganda la .45-70. Jina la fundi silitaji maana kazi yake kwa ujumla ni nzuri na lawama yangu moja sio ya kumharibia mtu riziki, ila ukitaka kuagiza ya aina hii kwa fundi yeyote yule soma kwanza.

Kwa mgeni, nieleze haraka haraka. Kiswahili kimetuchezea hapa, risasi ni ile unayopiga na risasi ni ile madini unayoyeyusha, kwa hiyo humu nikisema kichwa ujue ni kile kinachoruka na nikisema risasi ni madini. Kichwa cha aina hii unakizungushia karatasi mara mbili, iliyoloweshwa maji kidogo, ikikauka inabana kama ngozi ya ngoma. Ile karatasi ndiyo inayogusana na mtutu, risasi yenyewe haigusi chuma kabisa, kwa hiyo mtutu hauna mabaki ya risasi ya kuparuza. Kikishatoka mdomoni karatasi inapasuka inabaki nyuma, kichwa kinaenda zake uchi.

Sasa ishu yote iko kwenye unene. Ukizungusha mara mbili unaongeza karatasi nne kwenye kipenyo, mbili huku mbili kule. Karatasi ya elfu 2, yaani 0.002 ya inchi, inaongeza 0.008. Ndani ya mtutu kuna mifereji ya kukizungusha kichwa, na kati ya mfereji na mfereji kuna tuta. Mtutu wangu juu ya matuta una kipenyo cha 0.450 na chini kwenye mifereji 0.458. Mi napiga kwa mtindo wa kichwa kilichovaa kulingana na matuta, yaani kikishavishwa kiteleze ndani ya mtutu kwa kusukuma na kidole gumba, halafu baruti ikilipuka ule mshindo wa ghafla unakitanua kutoka nyuma kinajaza mifereji. Kwa hiyo hesabu ni rahisi hata kwa mtoto, 0.450 toa 0.008 unabaki na 0.442. Ndicho nilichoagiza, na ndicho kilichoandikwa kwenye kikaratasi kilichokuja na kalibu.

Nikamimina. Nikapima na maikromita. 0.4435.

Nikasema labda mkono, nikapima tena, nikapima kumi, vyote vile vile. Nikavivisha karatasi yangu ya elfu 2 vikafika 0.4515, nikakiweka kimoja kwenye mdomo wa mtutu msafi kabisa nikasukuma, kikaingia mpaka kwenye bega la kichwa kikagoma, nikakazana nacho kama mjinga mpaka karatasi ikajikunja ikawa kama soksi iliyoshuka. Na hapo mtutu ni msafi, fikiria ukishapiga moja na ukoko wa baruti umekaa ndani.

Kwa haki ya fundi, sehemu ya hilo kosa ni langu. Kipenyo cha kichwa kinategemea na mchanganyiko, risasi tupu ikipoa inasinyaa zaidi, ukiongeza bati inasinyaa kidogo kwa hiyo kichwa kinatoka kinene kiasi. Mi namimina 1 kwa 16, bati moja risasi kumi na sita, na sikumwambia, yeye kikaratasi chake kilisema 1 kwa 20. Lakini tofauti ya 16 na 20 haiwezi kuleta elfu moja na nusu nzima jamani, hiyo ni kalibu imechongwa pana.

Na hapa ndipo nilipoielewa hii bidhaa vizuri. Mauzo yake makubwa ni kwamba inarekebishika. Kweli, chini kuna pini yenye nati, unaizungusha kichwa kinatoka kirefu au kifupi, kuanzia inchi 1.2 hadi 1.45 hivi, uzito unapanda na kushuka kama unavyotaka. Safi sana. Lakini niambie, urefu utaubadilisha mara ngapi? Mtutu wako una mzunguko mmoja tu, wa kwangu unazunguka mara moja kila inchi 18, na kwa mzunguko huo kichwa cha inchi 1.4 na kidogo ndio kinatulia mbali, ukishapata hapo umepata, hutagusa tena ile nati mpaka uzeeke. Kitu ambacho utahitaji kukichezea kila mara ni kipenyo, na kipenyo hakirekebishiki. Kwa hiyo unalipia nati ambayo kazi yake ni siku moja.

Tena nati yenyewe ina matatizo. Kalibu ikipata moto inalegea. Siku ya kwanza nilimimina arobaini, nikaviweka kwenye mizani, vya mwanzo greni 530 (kama gramu 34), vya mwisho 536, nikadhani mizani imelewa. Kumbe pini inarudi nyuma taratibu kila nikigonga kutoa kichwa. Dawa yake niligundua ni kuikaza upya ikiwa imeshapata moto wa kazi, sio ikiwa baridi, toka hapo vichwa vinatoka 531 mpaka 532, tofauti ambayo shabaha haiioni.

Mazuri yake sasa, maana yapo. Vitalu, yaani zile nusu mbili za kalibu, vinafunga vizuri, hakuna ule mstari wa mshono ubavuni, na kwa kichwa cha karatasi huo mstari ni sumu. Bamba la juu linakata kitonge, ile risasi ya ziada inayobaki juu ya tundu la kumiminia, bila kung'oa nyama. Ukipata joto lake, upawa umejaa, unamimina bila kusita, vinatoka vinang'aa bila kunyanzi, ikizidi moto vinakuwa na ukungu mweupe, unapumzika kidogo mambo yanarudi. (Fungua madirisha na nawa mikono kabla ya kushika chochote cha mdomoni, risasi haina urafiki.)

Umbo la pua ni la yai lililovutwa, sio lile refu jembamba sana ambalo watu wanalisifia kwa upepo. Nimelipenda. Pua jembamba refu kwa risasi laini lina tabia ya kulegea pale baruti inapolisukuma ghafla, linapinda kidogo ndani ya mtutu, basi unabaki unalaumu upepo bure. Ndio maana pia nimeng'ang'ania 1 kwa 16, inatosha ulaini wa kutanuka kujaza mifereji na inatosha ugumu pua lisisinzie.

Kitako kina kikombe, kishimo kidogo cha kufichia mkia wa karatasi. Hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote kwenye hii kalibu, hakina kina kirefu, kuta zake ni nene, ukisokota mkia ukaubonyeza ndani kichwa kinasimama mezani wima bila kuyumba. Nimewahi kutumia kalibu yenye kishimo kirefu, kuta zake zilikuwa zinatanuka zikitoka mdomoni kama sketi, vichwa vinakwenda kila mtu na lake.

Nilivyotatua ule unene: nikabadilisha karatasi. Nikatafuta ya pamba tupu, nyembamba, elfu moja na nusu, 0.0015, mara nne ni 0.006, jumlisha 0.4435 unapata 0.4495. Inateleza na kidole, inasita kidogo tu mwishoni, vile inavyotakiwa. Tabu ni kwamba karatasi nyembamba hivyo ikiloa inachanika ukiiangalia vibaya, na kiolezo changu cha kukatia ilibidi nikitengeneze upya, maana zile ncha mbili zilizokatwa mshazari lazima zikutane bila kupandana. Zikipandana hata unywele, upande mmoja una karatasi tatu mwingine mbili, kichwa hakikai katikati ya mtutu. Zikiacha mwanya hapo inabaki karatasi moja tu. Nilitupa vipande labda thelathini mpaka mkono ukazoea.

Siku ya kupiga nilikwenda na ishirini. Kichwa kinashikwa na ganda kwa sehemu ndogo sana, kama moja ya kumi ya inchi, nafasi nyingine yote ni baruti imeshindiliwa na kizibo cha kadibodi juu yake, kwa hiyo unavibeba kama mayai. Nilishapiga vitano ikaja amri ya kusimamisha, watu wanakwenda kwenye shabaha, mi nina cha sita ndani, nikafungua kutoa. Ganda likatoka, kichwa kikabaki mtutuni kimeng'ang'ania ukoko, baruti yote ikamwagika ndani ya mitambo. Nusu saa nafagia punje nyeusi na brashi. Hilo sio kosa la kalibu, ni tabia ya mtindo huu, ila hakuna aliyeniambia, basi mi nakwambia: usiingize mpaka uko tayari kupiga.

Baada ya kila mlio nafuta mtutu na vitambaa viwili vya unyevu. Usipofuta, cha tatu hakiingii, uwe umepima vipi.

Vilivyobaki vilikaa ndani ya kiganja cha mkono kwa yadi 200, isipokuwa kimoja kilichokwenda kushoto peke yake, na najua kwa nini, maana nilikwenda mbele ya mdomo wa mtutu kuokota karatasi. Hapo ndipo pa kusoma. Karatasi nzuri unaikuta imechanika vipande virefu vyembamba, kila kimoja kimekatwa na tuta, na kile kiduara cha kitako kina alama za matuta pembeni vizuri kama gurudumu la saa. Kati yake nikakuta kipande kimoja kina kona imeungua, moto ulipita pembeni. Ndicho hicho cha kushoto.

Watu wakisema haya mambo ni ya makumbusho huwa nawakumbusha tarehe 26 Septemba 1874, mashindano ya shabaha ya Creedmoor kule New York, Waairishi na bunduki zao za kushindilia mdomoni dhidi ya Wamarekani na Sharps na Remington za kufungua nyuma, yadi 800, 900 na 1000. Wamarekani 934, Waairishi 931. Muairishi mmoja, Milner, alipiga katikati kabisa, lakini kwenye shabaha sio yake, pointi sifuri. Na Bodine wa upande wa Wamarekani alipiga mlio wa mwisho mkono unavuja damu kwa kukatwa na chupa. Pointi tatu, tena kwa vichwa kama hivi. Kwa hiyo nikilalamika elfu moja na nusu ya inchi msinione nina kisirani.

Nyota? Nne kwa uchongaji, mbili kwa ile nati, na kwa kipenyo mtaamua wenyewe. Nilimwandikia fundi, akajibu kwa adabu kwamba kipimo chake kiko sawa. Haya. Ya pili nimeshaagiza kwake huyo huyo, 0.442, isiyorefuka wala kufupika, na safari hii nimemtumia kwenye bahasha kipande cha risasi yangu ya 1 kwa 16 na kichwa kimoja kilichotoka kwenye kalibu yake, apime mwenyewe.