Adili na Nduguze kwa kusomeana nyumbani: tunachowaambia wazazi wa Mtwara na Lindi

Katika vitabu ambavyo mzazi anavikumbuka tangu utotoni na kutamani mwanawe naye avipende, hiki cha Shaaban Robert cha mwaka 1952 hakikosi kutajwa. Na kinaharibiwa mno kwa kusomwa vibaya. Mtoto anakalishwa mkekani, kitabu kinafunguliwa ukurasa wa kwanza, usiku wa pili mtoto anasinzia, na mzazi analalamika kwamba watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu. Hapo simu inasingiziwa tu.

Tatizo ni mahali pa kuanzia. Mwanzo wa kitabu umejaa sifa za Rai, Mfalme wa Ughaibu. Kiswahili chake kitamu, kimetungwa kama shanga, ila kwa mtoto wa miaka tisa hakuna kinachotokea. Sehemu hiyo isimulie kwa mdomo wako, dakika mbili zinatosha: palikuwa na mfalme, mbali huko pana mji unaitwa Janibu, kodi ya Janibu imechelewa, mtu anayeitwa Ikibali katumwa kuifuatilia. Kisha fungua kitabu na uanze kusoma pale Ikibali, akiwa mgeni kwa Adili, mtawala wa Janibu, anapogundua usiku kwamba mwenyeji wake mpole ana manyani wawili ndani na anawachapa. Mtoto atauliza papo hapo, wamemkosea nini? Usimjibu. Swali hilo ndilo linalomrudisha mkekani kesho yake bila kuitwa.

Angalizo moja kwa wasomaji wa huku kwetu. Mtoto aliyelelewa Newala, Tandahimba au Nachingwea anamjua nyani kama mwizi wa mahindi, na huenda ameshapelekwa shambani kuamia. Huyo atacheka wakipigwa, na atasema wanastahili. Mwache acheke; baadaye, akijua manyani wale ni nani, kicheko chake mwenyewe kitamsuta. Wa mjini, wa Shangani au Ligula, mara nyingi huwaonea huruma, na wadogo hulia. Kwa sababu hiyo hatukishauri kwa mtoto chini ya miaka 7. Umri unaokaa vizuri ni 8 hadi 12.

Soma kurasa tatu au nne kwa usiku, robo saa hivi, usizidishe. Ukizidisha utajikuta unakimbiza sentensi, na sentensi za Shaaban Robert hazikimbizwi. Zina mizani, zinataka pumzi. Jaribu kuisoma sentensi moja ndefu kwa macho kwanza, uone itapumulia wapi, ndipo uitoe kwa sauti. Mzazi aliyezoea kusoma ujumbe wa simu atakwama mara mbili tatu siku ya kwanza, kisha ulimi utalegea. Usikate usomaji pale Huria, binti wa majini, anapotokea, halafu ukazima taa. Maliza tukio, au funga kitabu kabla halijaanza.

Majina yanafanya nusu ya kazi, kwa hiyo usiyapite. Hasidi ni mwenye husuda, Mwivu ni mwenye wivu, Mwelekevu ni mwepesi wa kuelewa. Mtoto akishayatambua ataanza kubashiri nani atafanya nini kabla hujafika, na mara nyingi atapatia. Msomaji mkubwa anaweza kuona hilo ni udhaifu wa hadithi, na kwa mtu mzima ni kweli: siri inavuja mapema. Kwa kusomeana ni neema.

Maneno magumu ni machache kuliko watu wanavyoogopa. "Liwali" mweleze kwamba alikuwa mtawala wa mji, karibu na mkuu wa wilaya wa leo. Ukiwa Mikindani au Kilwa, mpeleke kwa mzee yeyote amsimulie zaidi. "Nduguze" ni ndugu zake, kama "mkewe" na "mwanawe". Mtoto wa pwani anayasikia hayo kila siku. Yule anayezungumza Kimakonde au Kimwera nyumbani na Kiswahili cha shule anaweza kudhani Nduguze ni jina la mtu, kisha hadithi nzima ikampotea. Mwambie kabla hujafungua jalada.

Kosa linaloua kitabu kuliko yote ni lile swali la "tunajifunza nini?" Mzazi aliyekisoma shuleni hawezi kujizuia. Hadithi yenyewe ina mji ambao watu wake wamegeuka mawe, ina mtu anayetupwa baharini na ndugu zake wa damu, wewe unauliza mafunzo matatu! Mtoto aliyevuka maji kutoka Mtwara mjini kwenda Msanga Mkuu akatazama maji yalivyo katikati hahitaji maelezo ya ubaya wa kutupwa. Kaa kimya, aulize yeye.

Kuhusu kitabu chenyewe kama kitu cha kushika. Ni chembamba, jalada la karatasi, na nakala nyingi hufungwa kwa gundi. Gundi ikikauka hukatika mgongoni, kurasa za katikati zinang'oka kwanza. Nakala mpya usiitanue kwa nguvu. Isimamishe mezani kwa mgongo wake, laza jalada la mbele, laza la nyuma, halafu laza kurasa tano tano kwa zamu, mbele na nyuma, ukizikandamiza taratibu kwa kidole gumba mpaka ukutane katikati. Jalidia kwa nailoni ya madaftari, ukiacha mkunjo wa vidole vitatu ndani. Usibandike selotepu mgongoni: joto letu huiyeyusha gundi yake, inanata na kukusanya vumbi. Tangu mvua za Desemba hadi Aprili, kitabu kisiegemee ukuta. Unyevu hugandisha kurasa, na kwenye nyumba ya udongo mchwa huja kwa njia hiyo hiyo.

Epuka nakala za kudurufu. Utazijua kwa mistari iliyokwenda kombo na vidoadoa vyeusi pembezoni, na pengine herufi za mwisho wa mstari zimemezwa. Kusoma kwa sauti maneno yaliyokatika ni adhabu.

Alama yetu ni nyota nne kati ya tano. Tano tungeitoa kama mwanzo usingekuwa mzito vile.

Sharti moja: zamu. Usiku mmoja Adili, usiku unaofuata kitabu alichochagua mtoto, hata kama ni kile chembamba cha picha, sungura na fisi, ulichokisikia mara ishirini. Kisome kwa sauti ile ile uliyompa Mfalme Rai. Ukikidharau chake, chako hutakimaliza.

Ukikikosa madukani hapa, ukaagiza Dar es Salaam kije kwa basi, hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 na kukirudisha ni usumbufu. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji apige picha ya ukurasa mmoja wa ndani, rula imelazwa pembeni. Herufi ndogo isiyo na kichwa wala mkia, kama "a", ikiwa na kimo cha chini ya milimita 2, umeme ukikatika na mkabaki na taa ya sola hamtaisoma.